Askofu Steere na Tao la Mkunazini



Katika kikao cha mwisho cha kamati ya ujenzi ya kanisa letu hapa Usoke tulikaa saa tatu nzima juu ya jambo moja tu, nalo ni mlango. Wengine walitaka mlango mkubwa wa mbele uwekwe tao la matofali ya kuchoma. Wengine, na fundi wetu akiwa pamoja nao, walisema tao bila nondo ni kujitafutia msiba, heri tupige linta ya zege kama watu wote. Tuliondoka bila kukubaliana. Nikiwa njiani kurudi nyumbani nilimkumbuka mtu mmoja ambaye habari zake nilizisoma kwanza nikiwa chuo cha ualimu, na ambaye aliwahi kuambiwa maneno kama hayo hayo, tena juu ya jambo kubwa kuliko mlango. Nimeona niwaandikie habari za maisha yake kabla kamati haijakaa tena.

Mtu huyo ni Edward Steere, Askofu wa tatu wa Misheni ya Vyuo Vikuu, ile iliyojulikana kwa herufi U.M.C.A. Sisi wa upande huu wa magharibi tumelelewa na C.M.S., na huenda ndiyo sababu wengi wetu hatumfahamu sana. Lakini kila anayefungua Biblia ya Kiswahili anakula matunda ya mti alioupanda yeye, na sisi Wanyamwezi tunalo deni letu la pekee kwake, kama nitakavyoeleza.

Steere alizaliwa London tarehe 4 Mei 1828. Hakuanza kwa kusomea ukasisi. Alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha London, akafaulu vizuri sana, akapata nishani ya dhahabu, na mwaka 1850 akakubaliwa kuwa wakili. Wazazi wengi wangefurahi na kusema kijana sasa ameiva. Mwenyewe hakutulia. Aliiacha sheria, akawekwa kuwa shemasi mwaka 1856, akatumwa kusaidia katika kijiji kidogo huko Devon, kisha akahamia pwani ya Lincolnshire, mahali paitwapo Skegness, penye wavuvi na wakulima. Huko watu walimpenda kwa sababu hakuwa mtu wa kukaa mezani tu. Alikunja mikono ya shati akafanya kazi, na kazi za mikono alizijua. Alijua hata kupiga chapa vitabu kwa mikono yake. Angalieni hapo: mwanasheria mwenye nishani, anapanga herufi za risasi moja moja. Tabia hiyo ndiyo itakayotufikisha Mkunazini.

Jirani yake mmoja katika ukasisi aliitwa William Tozer. Misheni ya Vyuo Vikuu ilikuwa imeanzishwa baada ya Daktari Livingstone kuwahutubia vijana wa Cambridge mwaka 1857, na Askofu wake wa kwanza, Mackenzie, alikuwa amekufa kwa homa mwanzoni mwa mwaka 1862 karibu na mto Shire. Tozer akachaguliwa kushika nafasi yake, na rafiki yake Steere akajitolea kumsindikiza. Nia yake ilikuwa kukaa kwa muda mfupi tu, amsaidie rafiki kuanza kazi, kisha arudi parishi yake. Yaliyotokea ni kwamba kazi ya Shire haikufaulu, Tozer akaamua kuihamishia misheni Unguja, na mwishoni mwa Agosti 1864 wote wawili walishuka katika mji wa Sultani Majid. Muda mfupi ule ukawa maisha yote.

Wanafunzi wao wa kwanza walikuwa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa lililokamatwa, Sultani akawakabidhi kwa Askofu. Walimu hawakujua lugha ya watoto, na watoto hawakujua lugha ya walimu. Mimi niliyefundisha darasa la kwanza kwa miaka mingi ninajua jinsi siku kama hiyo inavyokuwa ndefu. Steere alianza kujifunza Kiswahili kama mtoto. Alikaa na watu wa mjini, akasikiliza hadithi zao, akaandika, akauliza tena, akasahihishwa, akaandika upya. Kutoka katika daftari hizo vilitoka vitabu viwili vilivyopigwa chapa mwaka 1870: kitabu cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja, na kitabu cha hadithi za Waswahili. Mashine ndogo ya kupigia chapa ilikuwa pale misheni, na wavulana wale wale walifundishwa kuitumia.

Sasa deni letu. Katika mji wa Unguja wa siku zile Wanyamwezi hawakuwa wageni. Njia ya misafara ilitoka Ujiji, ikapita Unyanyembe penye Tabora yetu ya leo, ikashuka Ugogo na kufika Bagamoyo, na waliobeba pembe za ndovu kwa mabega yao walikuwa zaidi watu wa kwetu. Bibi yangu alikuwa akisimulia habari za babu yake aliyekwenda pwani mara mbili, akarudi na nguo, na kovu begani ambalo halikuisha mpaka kufa. Steere hakuwahi kufika Unyanyembe. Lakini alikusanya maneno ya Kinyamwezi kama kilivyosemwa Unyanyembe, akayapanga, akayapiga chapa katika kitabu kidogo. Alifanya vivyo hivyo kwa Kishambala, Kiyao na Kimakonde. Wapagazi wetu walikuwa watu wa kuhesabiwa mizigo tu. Yeye aliona wana lugha yenye kanuni, akaona inastahili karatasi na wino.

Mwaka 1868 alirudi Uingereza, akahudumia parishi yake, na wengi walidhani habari za Unguja zimekwisha. Aprili 1872 kimbunga kikubwa kilipiga kisiwa, kikavunja majahazi, minazi na nyumba. Misheni nayo ilikuwa imepungukiwa watu kwa maradhi na vifo, na Tozer mwenyewe afya yake ilikuwa imeanguka. Steere akarudi mwaka ule ule. Mke wake alibaki Uingereza. Habari za upweke wake hakuziandika sana, na mimi sitazibuni.

Mwaka uliofuata lilitokea jambo ambalo misafara ya kwetu ilihusika nalo moja kwa moja. Mwezi wa Juni 1873 Sultani Barghash, akisukumwa na Waingereza kupitia Balozi John Kirk, alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na kufunga masoko ya watumwa. Soko kubwa la Unguja lilikuwa Mkunazini, uwanja wazi nyuma ya mji. Hapo ndipo walipopangwa mistari watu waliotoka Nyasa, Manyema, na hata wa njia yetu hii ya Unyanyembe, wakatazamwa meno, wakapimwa misuli. Soko likafungwa. Kukabaki uwanja.

Kasisi mmoja wa misheni, Arthur West, alinunua sehemu ya uwanja huo kwa fedha zake mwenyewe, na mfanyabiashara mmoja wa Kihindi akatoa sehemu nyingine. West hakuishi kuona kilichojengwa juu yake, maana alikufa huko huko Unguja mwaka 1874. Siku ya Krismasi ya mwaka 1873, miezi sita tu baada ya mnada wa mwisho, jiwe la msingi la kanisa liliwekwa. Agosti 1874 Steere aliwekwa wakfu kuwa Askofu katika kanisa la Westminster Abbey huko London, na akarejea Unguja akiwa na kiti cha uaskofu na kanisa ambalo bado ni kuta za chini.

Hapa niruhusuni niingie katika ufundi kidogo, maana ndipo ilipo habari yenyewe.

Nyumba za mawe za Unguja zinajengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hulazwa juu ya boriti. Boriti ni miti ya mikoko, inayotoka zaidi katika mlango wa mto Rufiji, na kutoka huko ilisafirishwa hata mpaka Uarabuni. Ni mti mgumu, lakini si mrefu wa kutosha. Ndiyo maana ukiingia katika nyumba ya kale ya Unguja, hata ya tajiri mkubwa, vyumba ni virefu lakini vyembamba, futi tisa au kumi hivi kwa upana. Upana wa chumba ni urefu wa boriti. Kwetu hali ni ile ile. Tembe zetu za zamani zilikuwa na paa la bapa la miti na udongo, na hakuna aliyeweza kulifanya tembe pana bila kujaza nguzo katikati. Nendeni Kwihara mkalitazame tembe alilokaa Livingstone na Stanley, mtaona.

Askofu alitaka kanisa ambalo watu mamia watasimama pamoja katikati bila nguzo kuwakinga. Hakuna boriti ya kuvuka upana huo. Mbao ndefu zingeweza kuagizwa Ulaya kwa gharama kubwa, nazo mchwa wa Unguja wangezipokea kwa furaha. Mchoro wa kwanza wa jengo ulitoka kwa msanifu wa Uingereza aliyeitwa Hayward, lakini paa lilikuwa wazo la Steere mwenyewe. Aliamua kujenga tao. Si tao la mlango, bali tao moja refu linaloanzia upande mmoja wa kanisa mpaka mwingine, kama mtumbwi mkubwa uliofudikizwa juu ya kuta mbili. Halikuwa la mbao wala la bati. Lilikuwa la matumbawe yaliyopondwapondwa na kuchanganywa na saruji iliyoletwa kwa meli.

Watu wengi walisema litaanguka. Si ajabu kusema hivyo. Hebu mfikirie uzito wa mawe na saruji juu ya vichwa vya watu, na hakuna ndani yake mti wa kuushika. Nondo kama tunazotumia leo hazikuwamo katika ujenzi wa namna ile.

Tao linasimamaje basi? Wanafunzi wangu nilikuwa nikiwaeleza kwa tanuri la matofali, nanyi wakulima wa tumbaku mnaojijengea mabani mnalijua vizuri. Unapopanga tanuri, midomo ya kutilia kuni unaifunga kwa kusogeza kila tofali mbele kidogo ya lile la chini, mpaka pande mbili zikutane. Hilo linafanana na tao, lakini si tao la kweli, maana kila tofali linashikiliwa na uzito ulio nyuma yake tu. Tao la kweli ni jingine. Kila tofali linataka kuanguka, na haliwezi, kwa sababu mwenzake wa kushoto na wa kulia nao wanataka kuanguka na wote wanabanana. Jiwe na saruji ni dhaifu yakivutwa, bali yakibanwa ni imara ajabu. Tao linaugeuza uzito wote kuwa mbano. Kadiri unavyoliongezea mzigo kwa usawa, ndivyo linavyozidi kujikaza.

Lakini mbano huo haupotei. Unashuka pande zote mbili na kuzisukuma kuta nje. Kwa hiyo paa la namna hii linataka kuta nene, na kazi inayoamua salama yake hufanyika chini, miaka mingi kabla paa lenyewe halijaanza. Tena, mpaka mchanganyiko ukauke na kushikana, tao haliwezi kujisimamia. Lazima libebwe na kiunzi cha mbao chenye umbo lile lile. Kisha inafika siku ya kukiondoa kiunzi. Fundi yeyote atawaambia kwamba siku hiyo ndiyo ya kusali.

Steere alikuwa mhandisi wa wapi? Hakuwa mhandisi. Alisoma, akahesabu, akasimama na mafundi kila siku aliyokuwapo mjini, akiwasemesha kwa Kiswahili chao. Na mafundi wenyewe hawakuwa watu wasiojua tao. Pwani hii imejua matao na kuba tangu zamani. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulikuwa na kuba na paa za tao miaka mia tano na zaidi kabla ya misheni kufika, na kila mihrabu ya msikiti wa Unguja ina tao lake. Kipya kilikuwa ukubwa, na saruji.

Kuna hadithi moja ambayo kila mgeni anayezuru kanisa la Mkunazini huonyeshwa. Karibu na mlango wa magharibi zipo nguzo ambazo zimesimama kichwa chini, miguu juu. Inasimuliwa kwamba Askofu alikuwa safarini, mafundi hawakujua upande upi ni wa juu, wakazisimamisha kinyume, naye aliporudi akaziacha. Nilikwenda huko mara moja na kundi la walimu wenzangu, na wote walicheka hadithi hiyo ilipotolewa. Na mimi nilicheka. Baadaye nilipoketi nikatazama juu nikaona haya. Maana mikono iliyosimamisha nguzo kichwa chini, ikiwa ni kweli, ndiyo mikono iliyolimwaga lile paa. Majina ya mafundi hao hayasimuliwi na mtu yeyote. Kosa lao linasimuliwa kila siku, mara nyingi kwa siku, kwa lugha nyingi. Sipendi hivyo, na wenzangu mnaopeleka watoto huko kwa ziara nawaomba muanze kwa kuwaonyesha paa, nguzo baadaye.

Ujenzi ulichukua miaka. Steere hakukaa kuungoja. Mwaka 1875 alikwenda kwa miguu mpaka kwa Mataka, mfalme wa Wayao, upande wa ziwa Nyasa. Mwaka 1876 aliongoza kundi la watu zaidi ya 50 waliokombolewa utumwani, waliotaka kurudi bara kwao, nao wakafanya makao Masasi. Kiongozi wa msafara katika safari hizo alikuwa Chuma, yule yule ambaye pamoja na Susi na wenzao waliubeba mwili wa Livingstone kutoka Chitambo, wakapita nao Unyanyembe mwaka 1873 na kuufikisha pwani mwanzoni mwa 1874. Msalaba mmoja uliotengenezwa kwa mti ambao chini yake moyo wa Livingstone ulizikwa umo ndani ya kanisa la Mkunazini hata leo. Kwa hiyo njia yetu hii ya zamani, iliyopeleka watu sokoni, ilipitisha pia mwili wa mtu aliyelipigia kelele soko hilo. Huwa nalikumbuka jambo hili ninapopita chini ya miembe ya kale kule Tabora.

Katikati ya safari na ujenzi aliendelea kutafsiri. Alipiga chapa vitabu vya Maandiko kimoja kimoja kadiri vilivyokuwa tayari, akavisomesha, akasikiliza wasomaji walikwama wapi, akarekebisha. Tafsiri ya Agano Jipya ni kazi yake. Biblia nzima katika Kiswahili cha Unguja ilikamilishwa na wenzake mwaka 1891, yeye akiwa amekwisha kufa. Na mwaka 1928 wajumbe wa nchi za Afrika Mashariki walipokutana Mombasa kuchagua Kiswahili cha kufundishia shuleni, walichagua Kiunguja. Sisemi walikichagua kwa ajili ya Steere peke yake. Lakini vitabu vyake vilikuwapo tayari, vimepangwa. Mtoto wa Usoke anayeandika insha leo anafuata kawaida ambazo sehemu yake zilianzia kwenye daftari lile la mwaka 1864.

Krismasi ya mwaka 1877 ibada ya kwanza ilifanywa ndani ya kuta, na kazi ya paa bado haijakwisha. Krismasi ya mwaka 1879 kanisa lilifunguliwa, tao likiwa limefungwa kutoka upande mpaka upande. Kiunzi kiliondolewa. Tao likabaki juu.

Mwaka huo huo wa 1879 Askofu alimweka John Swedi kuwa shemasi, Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kupewa daraja hilo. John Swedi alikuwa mmoja wa wale wavulana watano wa jahazi. Miaka kumi na mitano ilikuwa imepita tangu siku walipokabidhiwa kwa Askofu.

Mjini watu walizoea kuja kulitazama jengo. Waislamu wengi walisimama kusikiliza Askofu akihubiri Kiswahili, wengine kwa ajili ya lugha yake tu, wakabishana naye kwa heshima. Sultani Barghash, ambaye hakuwa na sababu ya kulipenda kanisa katikati ya mji wake, alitoa saa ya mnara. Mambo ya namna hii katika vitabu vya historia husemwa kwa mstari mmoja. Mimi nadhani yanastahili zaidi ya mstari mmoja, hasa sisi tunaoishi mji mmoja na jirani wa dini nyingine na kukopeshana sufuria za harusi.

Nisiwape picha ya malaika. Steere alikuwa mtu wa zama zake na wa nchi yake. Alifanya kazi chini ya kivuli cha manowari za Kiingereza, na hao waliolifunga soko ndio waliokuja kuitawala Unguja tangu 1890. Wazee wengine huniuliza kama misheni haikuwa mlango wa ukoloni. Swali hilo ni halali na sina jibu fupi. Ninachoweza kusema ni kwamba kuna wageni waliokuja wakaandika juu yetu bila kutusikiliza, na huyu hakuwa miongoni mwao. Alijua kwamba ameambiwa, na aliyeambiwa anajua ana deni.

Mwaka 1882 alikuwa Uingereza, afya yake si nzuri. Akarudi Unguja mwezi wa Agosti. Siku chache tu baada ya kushuka melini, tarehe 27 Agosti, alifariki, umri wake miaka 54. Chuma, kiongozi wake wa msafara, naye alifariki huko Unguja mwaka ule ule.

Walimzika ndani ya kanisa, nyuma ya altare. Altare yenyewe, kama inavyosimuliwa, imesimama mahali palipokuwa na mti wa kuwafungia watumwa waliopigwa mijeledi. Mwaka 1890 chini ya tao lile lile Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa utotoni, aliwekwa kuwa kasisi, Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kufikia daraja hilo.

Paa limekaa sasa zaidi ya miaka 140. Limevumilia mvua za masika, chumvi ya bahari inayokula kila kitu Unguja, na vizazi kadhaa vya watabiri. Katika miaka ya 2010 jengo lilifanyiwa matengenezo makubwa pamoja na shirika la World Monuments Fund, na mwaka 2016 kituo cha maonyesho ya historia ya utumwa kikafunguliwa kwenye uwanja wa kanisa. Matengenezo yalihitajika, kwa kuwa maji yakipata ufa hayana adabu. Lakini tao halikuanguka.

Nikirudi kwetu: fundi wetu ana haki katika jambo moja. Ukuta wa mbele tuliokwisha kuupandisha ni mwembamba, na tao litausukuma. Nimezungumza naye kwa utaratibu tangu kikao kile, naye amekubali kutupimia kama nguzo mbili za matofali zikiongezwa kila upande wa mlango zitatosha kuushika msukumo huo. Ataleta mchoro. Kamati itakaa tena Jumapili ya pili ya mwezi ujao baada ya ibada ya kwanza. Kama kuna mwenye mbao za kutuazima kwa ajili ya kiunzi, hata zilizotumika, tafadhali amwone mwenyekiti wa kamati. Tutazirudisha siku tutakapokiondoa.